Aliyekata tamaa hashiki kamba: “desperately” mdomoni mwa msemaji wa Kiswahili

Chukua sentensi hii ya Kiingereza: “She clung desperately to the rope.” Mpe mwanafunzi yeyote wa sekondari hapa Mombasa aifasiri, na mara nyingi atakuandikia: “Alishikilia kamba kwa kukata tamaa.” Sarufi haina kasoro, tahajia haina kasoro, lakini maana imezama. Aliyekata tamaa hashiki kamba. Huyo ameshaiachilia, mikono imemlegea, anamwachia Mungu. Mwanamke wa kwenye sentensi yetu anafanya kinyume: amekaza vidole mpaka kamba inamchubua, kwa sababu bado anataka kuishi. Kiswahili chake ni kifupi: “Aling'ang'ania kamba.” Basi. Hakuna haja ya kuongeza kitu, kwa maana “desperately” imo mle mle ndani ya kung'ang'ania.

Sisi tunaofundisha Kiingereza hapa mjini, tunaosahihisha madaftari, kufasiri barua za watu na kuwaandaa vijana wanaokwenda kufanya kazi kwenye hoteli za Nyali na Bamburi, tumefika mahali pamoja kuhusu neno hili: halina mwenziwe mmoja wa Kiswahili, na anayelitafutia neno moja atahangaika bure. Linalofaa ni kutazama limekaa na nani. Likikaa na kitenzi cha tendo lina sura moja, likikaa na kitenzi cha haja lina sura nyingine, na likikaa mbele ya kivumishi huwa karibu halina tamaa wala tumaini ndani yake. Limebaki kuwa “mno” yenye uchungu.

Asili yake ni Kilatini. “Sperare” ni kutumaini, na ile “de” ya mbele huondoa. “Desperare” ni kutokwa na tumaini. Kutoka mzizi huohuo, kwa njia ya Kifaransa cha kale, Kiingereza kilipata pia “despair”, na hilo ndilo kukata tamaa hasa. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia: ndugu wa tumbo moja, tabia mbalimbali. “Despair” imeketi chini, imejiinamia. “Desperate” iliinuka. Waingereza waliona kwamba mtu aliyeishiwa na njia zote za kawaida hawi mnyonge siku zote. Wakati mwingine ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa haoni tena cha kuhofia. Katika karne ya 17 wakaunda hata jina lenye sura ya Kihispania, “desperado”, la jambazi asiyejali roho yake wala ya mwenziwe. Ndiyo maana “they fought desperately” katika habari za vita vya zamani si kupigana kinyonge. Ni kupigana kufa kupona.

Kiswahili nacho kilichukua “tamaa” kutoka Kiarabu, ambako neno hilo limeegemea uchu na uroho wa kitu, kikaifanya kama uzi unaoweza kukatwa. Uzi ukikatika umekatika. Kusema “amekata tamaa” ni kusema habari imekwisha. Kiingereza katika “desperately” kinasimama kabla ya hapo: uzi umebaki nyuzi mbili tatu, na mtu bado anauvuta kwa nguvu zote. Wazee wa pwani walikwisha kumweleza mtu huyu waliposema mfa maji haachi kutapatapa. Anayetapatapa hajafa, na wala si mwogeleaji. Yuko kati ya hao wawili, na mwanafunzi akimwona huyo akilini amelielewa neno kuliko ambavyo maelezo ya kurasa mbili yangemwelewesha.

Tuanze na vitenzi vya tendo, kwa sababu huko ndiko makosa yalikojaa. Kiingereza husema mtu alitafuta, alikimbia, aliita au alijaribu, kisha kikaongeza “desperately” kuonyesha hali ya roho yake. Kiswahili hakipendi kufanya hivyo. Hali ya roho tumeitia ndani ya kitenzi chenyewe, na mara nyingi kwa kurudiarudia silabi: kutapatapa, kuhaha, kung'ang'ania. Sikiliza tu vitenzi hivyo vinavyotikisika. Kwa hiyo “He searched desperately for his son in the crowd” si “Alimtafuta mwanawe kwa kukata tamaa katika umati”, bali “Alihaha kumtafuta mwanawe katika umati.” “The fish thrashed desperately on the deck” ni “Samaki alitapatapa juu ya sitaha.” “She looked desperately around” huwa “Macho yalimtoka, akatazama huku na huku.” Katika kila moja, kielezi cha Kiingereza kimetoweka na hakuna kilichopotea. Mfasiri anayeogopa kwamba neno moja la Kiingereza likikosa neno lake kwenye karatasi atashtakiwa wizi, huyo ndiye anayeharibu kazi.

Kuna sharti moja: lazima kuwe na kitu kikubwa kinachoweza kupotea. Wanafunzi hupenda kuandika “We ran desperately to catch the ferry.” Feri ya Likoni huvuka usiku na mchana, ukikosa hii utapanda nyingine, labda umeloa jasho na umechelewa kazini, lakini hujapotelewa na lolote. Hapo Kiingereza kinataka “We ran to catch the ferry” peke yake, au “We ran as fast as we could.” Sasa tia ndani ya sentensi hiyo mama mwenye mtoto anayepumua kwa shida, anayevuka kwenda hospitali upande wa kisiwani, na “desperately” itakaa kama imezaliwa hapo. Kiswahili chake: “Alikimbia roho mkononi kuiwahi feri.” Tendo ni lilelile la kukimbia. Kilichobadilika ni kile kitakachopotea.

Na jambo jingine ambalo huwatelezesha hata walimu: “tried desperately” haisemi kama mtu alifaulu au alishindwa. Wengi hufasiri “They tried desperately to save him” kuwa “Walijaribu kumwokoa bila mafanikio.” La. Bila mafanikio ni “in vain”. Aliyejaribu “desperately” anaweza kuwa amefaulu, na sentensi inayofuata ndiyo itakayotwambia. Wakati huo andika “Walifanya kila waliloweza kumwokoa” au “Walihangaika kuipigania roho yake”, na mwisho uuache wazi kama Kiingereza kilivyouacha. Katika ripoti ya ajali au karatasi ya mahakamani kosa hili si dogo: umemwua mtu ambaye huenda yu hai.

Wapenzi wa mpira hulisikia neno hili kila wikendi bila kuligundua. Beki akijitupa na kuugusa mpira kwa ncha ya kiatu ukiwa karibu kuvuka mstari, mtangazaji wa Kiingereza atasema “desperate defending”, ulinzi wa kufa kupona, na timu imezidiwa. Mchezaji akipiga shuti likagonga mwamba utasikia “desperately unlucky”. Hapo hakuna aliyekata tamaa. Maana yake ni kwamba bahati imemkataa kabisa, na msemaji anamsikitikia. Ile huruma ya msemaji ni sehemu ya maana, nasi tutairudia tukifika kwenye vivumishi.

Kabla ya kuondoka kwenye vitenzi, neno juu ya “udi na uvumba”. Waandishi wa habari wameifanya nahau hii kuwa jibu la kila “desperately”, na sisi tunaona wanaidhulumu. Kutafuta kitu kwa udi na uvumba ni kukitafuta kwa kila njia, na picha iliyomo ni ya mtu aliyefukiza kila cha kufukizwa ili haja yake itimie. Kuna bidii humo, kuna ustahimilivu, tena kuna mpango: chetezo kimeletwa, makaa yamewashwa, udi umenunuliwa. Mtu wa Mombasa akilisikia neno udi hukumbuka pia harusi na nguo zilizofukizwa. Mfa maji hana nafasi ya kuwasha makaa. Basi “The party is desperately seeking votes” inaweza kuwa “Chama kinatafuta kura kwa udi na uvumba”, maana wanasiasa wana muda na chetezo. Lakini baba anayemtafuta mtoto aliyepotea sokoni Kongowea hamtafuti kwa udi na uvumba. Anahaha.

Sura ya pili ni ya haja. “Desperately” hukaa na “need”, “want”, “hope”, “miss”, “long for”, “love”: vitenzi vya moyo, vinavyoweza kuzidi na kupungua. Haikai na “know” wala “own” wala “live”, kwa sababu mtu hawezi kujua kwa kiwango cha kufa maji. Kwa mtihani mdogo wa haraka, jaribu kutia “very much” baada ya kitenzi. Kikikubali, “desperately” nayo huenda ikakubali. “I need it very much”, sawa. “I own it very much”, hapana.

Hapa Mombasa mfano wa kufundishia haupatikani mbali: maji. Kisiwa hakina mto wa maji baridi wa kukitosha, maji ya mji huletwa kutoka mbali, Mzima kule Tsavo na Baricho kwenye mto Sabaki, na mfereji ukikauka siku kadhaa unaona mikokoteni ya mitungi ya lita 20 ikipanda na kushuka vichochoro. “Mombasa desperately needs water.” Sasa angalia kielezi kimekaa wapi: kabla ya kitenzi. Kiswahili huweka kielezi baada ya kitenzi, na hata kabla ya shamirisho kinakubalika: “Tunahitaji sana maji.” Msemaji wetu anaubeba mpangilio huo mzimamzima na kuandika “We need desperately water”, na sikio la Mwingereza linakwaruzika. Kiingereza hakiruhusu kielezi kuingia kati ya kitenzi na shamirisho lake la moja kwa moja. Chagua moja kati ya nafasi mbili: “We desperately need water”, ambayo ndiyo ya kawaida, au “We need water desperately”, ambayo inatia uzito zaidi mwishoni. Kukiwa na kitenzi kisaidizi, kielezi huingia baada yake: “Water is desperately needed”, “They are desperately trying to repair the pipe.” Na ukiunda kifungu cha kuelezea nomino, kama “desperately needed medicine”, usiweke kistari kati ya maneno mawili ya mwanzo. Vielezi vyenye “-ly” havihitaji kistari hicho.

Kwa vitenzi vya tendo mambo ni mepesi zaidi: “She searched desperately” na “She desperately searched” zote zinapita, ingawa ya kwanza inasikika vyema. Ukiliweka neno mwanzoni kabisa, na koma baada yake, “Desperately, he reached for the rope”, unafungua pazia uone uso wa mtu kabla ya kuona mkono wake. Inafaa kwenye hadithi. Kwenye ripoti ni madoido.

Kuifasiri haja kwa Kiswahili kuna njia ya mkato ambayo wengi hawaitumii: achana na kitenzi, tafuta nomino. “The town desperately needs water” huwa “Mji una shida kubwa ya maji”, na hapo ndipo mtu wa hapa anapoelewa bila kuambiwa mara mbili. “I desperately need sleep” ni “Usingizi umenizidi.” “I desperately need the toilet”, ambayo mgeni hotelini anaweza kuisema akiwa amejikunja, ni “Nimebanwa”, neno moja tu. “She desperately wants a child” inataka adabu zaidi: “Analilia mtoto.” Ile kauli ya kutendea katika kulilia inabeba mzigo wote, na mama yeyote akiisikia atajua uzito wake. “I desperately miss home” inaweza kuwa “Nyumbani nimekukumbuka hadi roho inaniuma.”

Na mapenzi? “He is desperately in love with her.” Kwenye maongezi ya barazani ni “Amekufa ameoza”, na hakuna tafsiri bora kuliko hiyo, maana hata kifo kimo. Kwenye maandishi rasmi sema “Anampenda kupita kiasi.” Msikilizaji makini atagundua kwamba Kiingereza kina “hopelessly in love” pia. Tofauti ni ndogo lakini ipo: “hopelessly” ni aliyezama na hataki kuokolewa, “desperately” ni aliyezama na anateseka.

Sura ya tatu, ya vivumishi, ni rahisi kuifahamu na ina utajiri mkubwa kwa upande wetu. “Desperately poor” ni maskini wa kutupwa, au fukara hohehahe. “Desperately ill” ni taabani, na hospitalini mahututi. “Desperately tired” ni hoi. Mtu ambaye ni “desperately short of money” maji yamemfika shingoni. Kiswahili kimejaa maneno ya namna hii, kila moja na mwenyewe. Hohehahe haendi kwa mgonjwa, na mahututi haendi kwa maskini. Kiingereza hutumia kielezi kimoja kwa wote, sisi tuna nguo ya kila mwili. Kufasiri “desperately poor” kuwa “maskini sana” si kosa, ila ni kumvisha bwana harusi shati la kazi.

Kumbuka ile huruma. Kivumishi kinachofuata “desperately” kwa kawaida ni cha jambo baya au la kuuma: poor, ill, sad, lonely, worried, unhappy, unlucky. Mwanafunzi aliyezoea kwamba maana yake ni “sana” huandika “I am desperately happy”, na msomaji Mwingereza anaanza kuwa na wasiwasi juu yake, kana kwamba furaha hiyo ni ya kujilazimisha. “Desperately beautiful” nayo ina walakini. Vighairi ni vichache: “desperately important”, ambapo jambo likikosekana kutakuwa na hasara kubwa, na “desperately keen”, mtu mwenye shauku inayomkosesha usingizi. Ukitaka “sana” ya furaha tumia “extremely” au “so”.

Kuna mfano mmoja mkongwe unaosaidia kuona jinsi maana ilivyohama. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Yeremia 17:9, moyo wa mwanadamu unaitwa “desperately wicked”. Msomaji wa leo hudhani maana yake ni “mwovu mno”. Lakini neno la Kiebrania lililoko pale ni la maradhi, jeraha lisilopona, na “desperately” ya wakati ule ilimaanisha hali iliyopita tiba. Biblia ya Kiswahili ya Union inasema moyo “una ugonjwa wa kufisha”, na hapa Kiswahili kiko karibu zaidi na asili kuliko Kiingereza kinavyosomwa siku hizi. Maana hiyo ya zamani imebaki kwenye methali yao isemayo maradhi ya “desperate” yanataka dawa za “desperate”: ugonjwa ukishinda dawa za kawaida, utajaribu hata ile ya hatari.

Majirani wa neno hili nao huingiliana nalo. “Urgently” ni habari ya saa: jambo lifanyike sasa, kwa dharura, hata kama hakuna anayelia. “Frantically” ni pupa na vurugu. Mtu anavuruga droo zote akitafuta pasipoti na teksi inapiga honi nje. “Hopelessly” ndiyo inayokaribia kukata tamaa: “hopelessly lost” amepotea hajui hata pa kuanzia. “Eagerly” ni hamu yenye furaha, kwa hamu na ghamu, kama watoto wakingoja mwezi wa Idi uandame. “Badly” ikikaa na “need” ni “desperately” iliyopunguzwa makali, nzuri kwa maongezi ya kila siku. Mawakala wa forodha bandarini Kilindini huandika barua pepe za “We desperately need the release documents today.” Kontena likikaa gharama zinapanda, uchungu wao tunauelewa. Lakini barua ya kazi inataka “We urgently need the documents”, kisha sababu na tarehe: siku za kuhifadhi bure zinaisha lini, na gharama ya kila siku baada ya hapo ni kiasi gani. Takwimu hizo mbili husukuma karani kuliko kielezi chochote.

Barua ya kuomba kazi ni hadithi ndefu zaidi, na hapa tunasema kwa ukali kidogo kwa sababu vijana wanaumia. “I am desperately looking for a job” tunaiona mara kwa mara. Chanzo chake ni adabu yetu. Kwa Kiswahili, kumweleza mkubwa shida zako si aibu. Kijana anakwenda kwa ami yake au kwa mzee wa mtaa, anaamkia “Shikamoo”, anakaa, anasema “Nina shida, nisaidie”, na kusema hivyo ni kumheshimu huyo mkubwa, kwamba ana uwezo. Kijana huyohuyo akiandika Kiingereza anadhani anafanya vilevile. Mwajiri anayesoma Kiingereza hasomi heshima. Anasoma kwamba huyu kakataliwa kwingine kote, na kwamba atakubali mshahara wowote; akiwa mwema atamsikitikia, akiwa mjanja atamkandamiza. Andika “I am keen to work with you”, au “I would very much like to be considered”, halafu useme unachokijua: umefanya miezi mingapi jikoni, unaongea lugha ngapi, unaweza kuanza lini. Shida yako ibaki nyumbani, ami ataisikiliza.

Uzito huo wa dharau umeingia hata kwenye Sheng. Vijana wakisema fulani “ako desperate” hawamwonei huruma. Wanamcheka kwamba amejishusha, hasa kwa mambo ya mapenzi: anatuma ujumbe kumi bila kujibiwa wa kwanza. Kivumishi kinapokaa peke yake baada ya jina la mtu hivyo, jihadhari nacho. Kikiwa na “for” au “to” baada yake, kama “desperate for water” au “desperate to get home”, dharau hupungua, kwa sababu msomaji anaona haja yenyewe.

Matamshi na tahajia havichukui muda. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana wengi wetu husema “despe-REIT-li”. Kiingereza kinataka mkazo mwanzoni kabisa, na “-ate” haitamkwi “eit”: inafifia, karibu “DES-pret-li”, silabi tatu tu mdomoni ingawa kwenye karatasi unaona nne. Ile “eit” ni ya vitenzi, kama “to separate”. Vivumishi vya umbo hilo huifupisha, na vielezi vinavyotokana navyo pia. Kwa upande wa kuandika, herufi ni 11, “e” tatu na “a” moja. Kosa linalotawala ni “desparately”, kwa kulichanganya na “separately”, yenye “a” mbili. Kumbuka “sperare”, kutumaini: “e” ya tumaini imebaki katikati ya neno. La pili kwa wingi ni kusahau “e” kabla ya “-ly”.

Tumalizie na ukanushi, ambao huwapata hata wenye Kiingereza kizuri. “I don't desperately need it” na “I desperately don't want it” zimetengana kama Mtwapa na Mtongwe. Ya kwanza: nahitaji, lakini si kwa kufa kupona. Ya pili: sitaki katakata. Kukanusha kabla ya kielezi kunakipunguza nguvu. Kukanusha baada yake kunaiacha nguvu yote ipige “sitaki”.

Kutokana na ile ya kwanza, Waingereza wamejitengenezea tabia ya kusema kwa upole. “I'm not desperately keen on fish” kwa neno moja moja ni “simpendi samaki kwa kufa kupona”, na mhudumu mgeni wa lugha anaweza kudhani kwamba basi anampenda kiasi. Hampendi. Anakataa kwa heshima, na ukimletea changu wa kupaka atamgusagusa kwa uma na kumwacha. “It wasn't desperately exciting” ni kusema ilichosha. Lakini “I'm not desperately hungry” haipiti njia hiyo. Hapo mgeni anasema kweli kwamba njaa ipo, ila si kali. Kiswahili chake ni “Sina njaa hivyo.” Usimfutie oda jikoni. Mpelekee viazi karai vitatu na ukwaju, umwulize tena baada ya nusu saa.